Nimesimulia miaka yote kuwa nilimhudumia Hendrix dukani. Mwenzangu anasema ni yeye

*Swali: Mwaka 1968, nikiwa na umri wa miaka 19, niliajiriwa kuuza magitaa katika duka moja la ala za muziki pale Charing Cross Road, London. Nilikaa hadi 1973, kisha nikarudi nyumbani. Tangu hapo nimewasimulia watoto na wajukuu kwamba kiangazi cha 1969 Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa Marekani, aliingia dukani kwetu, nikamshushia Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, kutoka ukutani, akaligeuza upande wa kushoto na kulipiga hapo hapo, duka zima likanyamaza. Hadi leo naliona koti lake jeupe lenye mashada. Mwezi uliopita nilimpata kwa simu mwenzangu tuliyesimama naye kaunta moja. Anasema kisa ni cha kweli, ila aliyemhudumia ni yeye. Mimi nilikuwa stoo nikipanga nyuzi. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, nimekuwa nikiongopa? Au ndiyo akili imeanza kuchoka? Mjukuu wangu anataka kunirekodi. Wanangu nao wanataka tuuze gitaa la Fender nililonunua pale dukani, na tuandike kuwa Hendrix aliwahi kulishika. Niseme nini?*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imebeba hofu tatu kwa pamoja: ya heshima yako mbele ya familia, ya afya yako, na ya lile gitaa. Nianze na hiyo inayokunyima usingizi. Hukuongopa. Anayeongopa anaujua ukweli na anaukwepa. Wewe ulikuwa unasema unachokiona ukifumba macho, na ukikisema kwa nia njema. Nimewahoji wazee wengi kuhusu kazi za ujana wao, na hili la watu wawili wa sehemu moja kudai kisa kimoja nimekutana nalo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nalitarajia.

Ila nakuomba usilifanye koti kuwa ushahidi wako. Wengi wetu tunaamini kwamba kumbukumbu ikiwa angavu, yenye rangi na sauti, basi lazima ni sahihi. Sivyo. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waandike kesho yake asubuhi walikuwa wapi na nani aliwapa habari. Baada ya kama miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwauliza tena baadhi yao. Robo hivi walikosea kila jambo la msingi: mahali, mtu aliyewaambia, walichokuwa wakifanya. Na wengi wao walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, wapo waliokubali kuwa mwandiko ni wao lakini bado wakashikilia maelezo mapya. Hao walikuwa vijana wenye akili timamu, na haikupita hata miaka mitatu. Wewe unazungumzia zaidi ya nusu karne.

Ubongo hauhifadhi tukio zima mahali pamoja. Unahifadhi vipande: sura huku, sauti kule, hofu au furaha ya wakati ule kwingine. Ukikumbuka, unavikusanya vipande hivyo upya, na palipo na pengo unaziba kwa kile unachokijua kuhusu dunia. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alilionyesha hili tangu 1932. Aliwapa Waingereza ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, wasiyoizoea, akawataka waisimulie tena na tena. Kila walipoirudia, mambo ya kigeni yalidondoka na yale waliyoyazoea yakaingia. Mtumbwi ukawa mashua ya kawaida. Hakuna aliyekusudia kubadilisha kitu. Na kile ulichokisimulia mara ya mwisho ndicho unachokianzia mara inayofuata. Kisa chako umekisimulia sebuleni miaka mingi, mbele ya watoto wanaouliza, "Babu, alivaaje?" Swali kama hilo linadai jibu, na akili ya mwanadamu ni karimu sana kwa wajukuu.

Sasa tuje kwenye mgogoro wako na mwenzako. Mwaka 2001 watafiti Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha uchunguzi juu ya mapacha, wakakuta kwamba si ajabu pacha wote wawili kukumbuka tukio moja na kila mmoja kuamini kwa dhati kwamba lilimtokea yeye. Walikuta jambo hilo hilo kwa ndugu wa kawaida na kwa marafiki. Watu wanaoishi karibu, wenye umri unaolingana, wanaosimuliana mambo kila siku, hugawana kumbukumbu bila kujua. Kaunta ya duka ni mahali pa namna hiyo kabisa. Mnashinda pamoja, mteja wa ajabu akiingia wakati mwenzio yuko stoo, mwenzio huyo akirudi tu kaunta anasimuliwa kila kitu, na jioni kisa kinarudiwa mkiwa mnafunga. Baada ya miaka kumi, picha uliyojichorea ukisikiliza inafanana sana na picha uliyoiona kwa macho.

Tena si mwenzako peke yake anayeweza kuwa chanzo. Mtaa ule ulikuwa umejaa visa. Paul Kossoff, kabla ya kuwa mpiga gitaa wa kundi la Free lililoanzishwa 1968, alikuwa muuzaji kijana katika duka la Selmer hapo hapo Charing Cross Road, na yeye pia alisimulia jinsi Hendrix alivyoingia dukani na kupiga gitaa. Hadithi za namna hiyo zilivuka kutoka kaunta moja hadi nyingine, zikaandikwa magazetini, zikarudi tena kwenye runinga uzeeni mwenu.

Nataka tukae kidogo na koti, kwa sababu limenisaidia kuliko kitu kingine barua nzima. Vazi jeupe lenye mashada ndilo alilovaa Hendrix kwenye tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, na picha za asubuhi ile zimeonyeshwa dunia nzima mara zisizohesabika. Halafu unasema ilikuwa kiangazi cha 1969. Kiangazi kile Hendrix hakuwa London. Aliondoka kwenda Marekani katikati ya Machi, akapanga nyumba katika jimbo la New York, akaenda Morocco kupumzika kidogo, kisha akapanda jukwaani Woodstock. Unaona kilichotokea? Koti na tarehe vinaelekea kutoka mahali pamoja, na mahali hapo si duka lenu.

Usikate tamaa lakini. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi mwaka ule ule makazi yake yalikuwa London, ingawa kwa sehemu ya Januari alikuwa ziarani Ulaya. Alikuwa akiishi na mpenzi wake kwenye ghorofa za juu za namba 23 Brook Street, Mayfair, mwendo wa nusu saa au chini ya hapo kwa miguu hadi Charing Cross Road, na alipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall tarehe 18 na 24 Februari. Kwa hiyo kwamba aliingia dukani kwenu majira ya baridi ya 1969 linawezekana kabisa, na mwenzako anasema aliingia. Tulichokipoteza mpaka sasa ni kiangazi na koti. Kilichobaki ni mtu wa mkono wa kushoto aliyegeuza gitaa la mkono wa kulia.

Hapo nakuuliza swali ambalo sidhani wajukuu waliwahi kukuuliza: alipoligeuza, uzi mnene ulikuwa juu au chini? Hendrix alitumia Stratocaster za mkono wa kulia akizigeuza, lakini kwa kawaida alizifunga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu. Gitaa lililoshushwa ukutani halikuwa limefungwa hivyo. Likigeuzwa, uzi mwembamba ndio unaokaa juu na kila kitu kinakuwa kinyume. Ukikumbuka mtu akihangaika kidogo, au akicheka, au akiomba abadilishiwe nyuzi, hicho ni kitu ambacho filamu haikuweza kukupa. Vivyo hivyo kama unakumbuka aliulizia nini, alinunua au hakununua, nani aliandika risiti. Vitu vidogo visivyo na sifa vina nafasi kubwa zaidi ya kuwa vyako. Sisemi ni uthibitisho, kwa sababu magitaa ya mkono wa kushoto yalikuwa adimu na wapigaji wengi wa mkono huo waliyageuza ya kulia dukani kwa kukosa njia nyingine. Huenda uliyemhudumia wewe alikuwa mmoja wao, kijana asiyejulikana, na Hendrix akahudumiwa na mwenzako siku nyingine. Visa viwili kuungana kuwa kimoja ni jambo la kawaida mno.

Mwenzako naye asifanywe hakimu. Yeye ana umri kama wako, amesimulia kisa hicho kwake kama wewe ulivyokisimulia kwako, na ubongo wake unafanya kazi kwa kanuni zile zile. Kwamba wewe umeonekana kukosea tarehe hakumfanyi yeye awe sahihi kuhusu stoo.

Baadhi ya mambo yanaweza kupimwa bila kumtegemea yeyote kati yenu. Fedha inasaidia sana kwa miaka yenu. Uingereza iliacha shilingi na peni za zamani tarehe 15 Februari 1971. Kama unaiona lebo ya bei yenye shilingi, au bei iliyoandikwa kwa gini, yaani pauni moja na shilingi moja, uko kabla ya siku hiyo. Ukikumbuka mabishano kaunta juu ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hiyo ilianza tarehe 1 Aprili 1973, mwishoni mwa ajira yako. Magitaa yenyewe yanasema pia: Stratocaster zilipewa kichwa kikubwa kuanzia mwishoni mwa 1965, kwa hiyo lenye kichwa kidogo mwaka 1969 lilikuwa tayari la mtumba au lililokaa sana dukani. Barua za mshahara, anwani ulizopanga, picha zenye tarehe nyuma, vyote vitafute kabla ya kurekodi, halafu uvifiche usivitazame mpaka umemaliza kusimulia mara ya kwanza.

Kuhusu kurekodi, jibu langu ni ndiyo, na mwambie mjukuu asianze na Hendrix. Aanze na mlango. Nani alifungua asubuhi, taa ziliwashwa upande gani, magitaa ya bei kubwa yalitundikwa wapi ili wezi na vijana wenye mikanda ya chuma wasiyafikie. Mpe karatasi uchore duka, kaunta, ngazi za stoo, mahali fundi alipokaa na chuma chake cha kuchomelea. Ukiwa umerudi ndani ya duka kwa akili namna hii, mambo mengi yatajitokeza yenyewe, na yeye asikukatize wala asikusaidie kumalizia sentensi. Maswali yenye jibu ndani yake ayaache. "Alikuwa na afro, eh?" ni swali baya, "Unaona nini?" ni zuri.

Nasisitiza duka kuliko nyota kwa sababu naamini hapo ndipo penye hazina yako. Maisha ya Hendrix London yamefuatiliwa karibu siku kwa siku. Lakini nani ameandika jinsi kijana wa kazi alivyochukuliwa kwenye mitaa ile mwaka 1968? Nani ameeleza wapigaji wa vilabu walivyolipa gitaa kwa awamu, wakalirudisha waliposhindwa, wakaja tena baada ya miezi mitatu kuliangalia tu? Mwaka 1963, katika duka la Drum City pale Shaftesbury Avenue, Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, alipata ngoma zake za kampuni ya Ludwig, na mwenye duka, Ivor Arbiter, ndiye aliyechora jina la Beatles lenye ile T iliyoshuka chini, kisha mchora mabango wa jirani akalipaka kwenye ngoma kubwa. Ulikuwa utaratibu wa kawaida wa duka, mteja kaja na mzigo unatakiwa kutoka. Aliyebeba ngoma zile hadi kwenye gari, au aliyezifuta vumbi, simfahamu kwa jina, na ningetoa kitu kikubwa kusikiliza saa moja ya maneno yake. Wewe ulikuwa mtu wa namna hiyo kwa miaka mitano. Ukinieleza jinsi mlivyopanga nyuzi stoo, kampuni zipi zilikwisha haraka, wanamuziki gani waliomba wakopeshwe na bosi alisema nini, umenipa kitu ambacho siwezi kukipata kokote.

Kisa cha Hendrix kisimulie pia, tena kwa furaha, lakini kwenye rekodi kitenganishe: hiki nina hakika nilikiona, hiki nadhani, hiki mwenzangu anakisema tofauti. Tofauti hiyo iache ndani. Msikilizaji wa baadaye atakuheshimu zaidi kwa hilo, na watoto wako, ukiwaeleza kama nilivyokueleza hapa, hawatakuona mdogo. Waambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa mwingine.

Lile gitaa ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usisaini karatasi yoyote inayosema Hendrix alilishika. Maneno ya sebuleni ni kumbukumbu. Maneno hayo hayo kwenye hati ya mauzo ni dai ambalo mnunuzi anatoa fedha kwa ajili yake, na likipingwa utaulizwa wewe. Wanunuzi makini wa vitu vya wanamuziki hawategemei neno la mtu. Wanalinganisha mikwaruzo na mistari ya mbao kwenye picha za zamani na kitu chenyewe, na wanadai karatasi za wakati ule. Halafu, kwenye barua yako hakuna mahali uliposema kuwa gitaa lako ndilo lile la ukutani. Wameunganisha wanao.

Unachoweza kukidai kwa haki ni kwamba ulilinunua ukiwa muuzaji wa duka la Charing Cross Road katika miaka ile, na hilo lina thamani yake. Mpelekee fundi wa magitaa mwenye uzoefu wa vyombo vya zamani alifungue mbele yako. Mwisho wa shingo, pale inapoingia kwenye mwili, Fender walikuwa wakiweka tarehe. Chini ya vifundo vya sauti kuna namba zilizogongwa. 1376612, kwa mfano, inasomeka hivi: 137 ni mtengenezaji wa kifaa hicho, 66 ni mwaka, 12 ni wiki. Hata hizo zina mtego wake, kwani Fender walikuwa na shehena kubwa ya vifaa vya 1966 walivyoendelea kuvitumia miaka kadhaa, kwa hiyo namba inakuambia tu kwamba gitaa halikutengenezwa kabla ya hapo. Ile namba ya bamba la nyuma peke yake haitoshi. Usilifungue wewe, usilipake rangi, usibadilishe hata skrubu iliyoshika kutu. Na kama familia itaamua kuuza, mtafute mthamini asiyekusudia kulinunua yeye mwenyewe.

Limebaki la afya. Kuchanganya kisa cha 1969, hata kama umekichanganya kweli, si dalili ya akili kuondoka. Vijana wa Emory walichanganya cha juzi. Dalili za kumwona daktari ni nyingine: kusahau mazungumzo ya wiki hii, kuuliza jambo lile lile mara kwa mara siku moja, kupotea njia unayoijua, kushindwa hesabu za nyumbani ulizokuwa ukizimudu, au watu wa nyumbani kuona tabia yako imebadilika ndani ya miezi kadhaa. Ukiona mojawapo, nenda hospitali na mtu anayeishi nawe, maana yeye huona ambayo mgonjwa haoni. Usijihukumu kabla ya kupimwa, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, sonona na hata baadhi ya dawa husababisha usahaulifu unaotibika. Kukosa usingizi pia kunavuruga kumbukumbu, na kwako kumeanza na simu ile. Kukiendelea wiki chache zijazo, hilo peke yake linatosha kumwendea daktari.

Mwenzako usimkwepe. Mpigie, mwambie unataka kila mmoja aandike kisa kwa mkono wake, kirefu iwezekanavyo, bila kusimuliana tena kabla. Mkizungumza kwanza mtaanza kukubaliana, na makubaliano hayo yatazifuta tofauti ambazo ndizo zinazotusaidia. Ulizaneni mambo yale yale: ilikuwa baridi au joto, nani mwingine alikuwa kaunta, uzi mnene ulikuwa wapi, mtu yule aliondoka na nini mkononi. Na barua yake ikifika kabla hujamaliza yako, mpe mjukuu aitunze bila kuifungua.